Namna ya kutumia “let someone down”, nahau ya Kiingereza ya kumwangusha mtu

Mswahili akimwambia mwenzake “usiniangushe”, hakuna anayewaza sakafu wala magoti. Kiingereza kina nahau inayokaribiana sana na hiyo, “let someone down”, na anayejua kuangushwa kwa Kiswahili ameshaelewa sehemu kubwa ya maana yake. Kinachobaki ni umbo la maneno, ambalo halina ugumu, na uzito wake, ambao huchukua muda mrefu zaidi kuuzoea. Mwongozo huu unakaa zaidi kwenye uzito, maana huko ndiko watu wengi hujikwaa: wafanyakazi wa hoteli na kampuni za utalii wanaojibu malalamiko ya wageni, wanafunzi wanaoandika insha, na ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani wanaolazimika kuomba radhi kazini kwa lugha ambayo si yao.

Hatua ya 1: Tafuta nani alimtegemea nani

Kabla ya kuandika chochote, jiulize: katika jambo hili, nani alikuwa akimtegemea nani, na kwa lipi? Kama hupati jibu, nahau hii haifai.

Tuseme mjomba aliahidi kulipa karo ya muhula, mtoto akaenda shuleni akijua hivyo, kisha mjomba akakaa kimya mpaka mtoto akarudishwa nyumbani. Mtoto huyo anaweza kusema bila kusita: “My uncle let me down.” Sasa tuseme umemwomba mkopo mtu mliyesalimiana mara mbili tatu tu, naye akakataa. Umeumia, pengine umekasirika, lakini hakukuangusha, kwa sababu hukuwa na sababu ya kumtegemea. Ukisema “He let me down”, msikilizaji ataanza kutafuta ahadi iliyovunjwa. Asipoiona, atakuona wewe ndiye uliyedai kisicho haki yako.

Tegemeo halihitaji kuwa ahadi ya mdomo. Undugu unatosha, urafiki unatosha, na cheo pia kinatosha. Mgonjwa hajawahi kuahidiwa chochote na muuguzi wa zamu, lakini akiita usiku kucha bila kuitikiwa ana haki ya kusema “They let me down”, kwa kuwa kazi yenyewe ni ahadi.

Nia nayo si sharti. Hili ni muhimu sana. Rafiki aliyetakiwa kukupeleka uwanja wa ndege alfajiri, gari lake likagoma kuwaka, amekuangusha ingawa hakupenda. Ndiyo maana Waingereza hulitumia neno hili hata wanapojitoa kwenye jambo kwa sababu halali: “I'm so sorry to let you down, but my son is ill.” Kama mtu amekufanyia kusudi, kwa hila, akauza siri yako au akakugeuka mbele ya watu, hilo limezidi kiwango. Neno lake ni “betray”, yaani kusaliti. Ukiyachanganya haya mawili unaweza kumwita msaliti mtu aliyechelewa basi.

Na “disappoint”? Lenyewe husimulia zaidi hisia ya aliyekosa alichokitarajia, na halilazimiki kuwa na mkosaji. Matokeo ya mtihani yanaweza kuwa “disappointing” hata kama kila mtu alitimiza wajibu wake. “Let down” humtafuta aliyekuwa ameshika upande wa pili wa makubaliano.

Angalia pia unakotokea kwenye Kiswahili. “Umeniangusha” huenda moja kwa moja kwenye “You let me down.” Lakini “umenikatisha tamaa” mara nyingi hukaribia zaidi “You discouraged me”, na “umenivunja moyo” usiipeleke neno kwa neno kwenye “You broke my heart”, maneno ambayo Kiingereza huyaweka kwa mapenzi na majonzi makubwa. Mwanakamati ambaye hakuleta mchango wa harusi hajavunja moyo wa mtu kwa Kiingereza. Ameangusha kamati: “He let the committee down.”

Hatua ya 2: Shika umbo lake

“Let” ni kitenzi kisichobadilika. Leo ni “let”, jana ni “let”, na baada ya “have” ni “let” vilevile. Hakuna “letted”. Kinachobadilika ni mambo mawili tu: akitajwa yeye mmoja katika mazoea ya sasa inakuwa “lets”, na jambo likiwa linaendelea inakuwa “letting”, kwa herufi mbili za t. Hivyo “He let me down” ni ya jana au ya mwaka juzi, na “He lets me down” ni tabia yake. Herufi moja hiyo inaweza kumgeuza mtu aliyekosea mara moja akawa mtu asiyeaminika, basi ihakiki kabla ya kutuma.

Mpangilio una kanuni moja isiyo na mjadala: kiwakilishi hukaa katikati. Sema “let me down”, “let her down”, “let them down”. “Let down me” hakuna mzawa wa Kiingereza anayeisema. Ukitaja jina au nomino una uhuru: “She let her parents down” na “She let down her parents” zote ni sahihi, ingawa ya kwanza ndiyo husikika zaidi katika mazungumzo. Nomino ikiwa ndefu, isogeze mwisho, la sivyo msikilizaji atasahau kitenzi kabla hujafika kwenye “down”: “The chairman let down all the farmers who had waited since January for their money.”

Hatua ya 3: Usiogope kukipa kitu nafasi ya mtu

Wengi wetu hutumia nahau hii kwa watu tu. Kiingereza huitumia pia kwa vitu, viungo vya mwili, hata hali ya hewa, ilimradi palikuwa na tegemeo. “The car let us down near Chalinze.” “My knee let me down in the second half.” Mlipanga kwenda Prison Island kwa boti na mvua ikanyesha kutwa: “The weather let us down.”

Kuna matumizi moja hapa ninayoyapenda na ningetaka kila anayesoma maoni ya wageni mtandaoni ayajue. Mgeni anaandika: “The food was lovely but the service let it down.” Neno “it” pale ni ile hali yote nzuri aliyoikuta, na maana yake ni kwamba chakula kilijenga sifa, huduma ikaibomoa. Wakosoaji wa filamu na vitabu hutumia muundo huohuo kwa kauli ya kutendwa: kazi nzuri “let down by its ending”, iliyoangushwa na mwisho wake. Mwalimu akiandika chini ya insha yako “Good ideas, let down by careless spelling”, usisome tusi. Amekuambia mawazo ni mazuri na amekuonyesha mahali pamoja pa kurekebisha. Hivyohivyo kwa mgeni wa hoteli: amesifu jiko, amelalamikia wahudumu, na jibu lako lianzie kwa wahudumu.

Hatua ya 4: Chagua ukali wa lalamiko

Hapa ndipo nahau hii inapohitaji mkono mwepesi. Ukali wake hutegemea unaanza na nani katika sentensi.

“You let me down” inamnyooshea mtu kidole. Ni sentensi ya watu wanaofahamiana kwa karibu, mume na mke, ndugu, marafiki wa siku nyingi. Ukimwandikia bosi wako maneno hayo, hasa kwa baruapepe, umefungua ugomvi. Ukimwandikia hivyo mtu mliyefahamiana wiki iliyopita, atashangaa umempa lini nafasi hiyo katika maisha yako.

“I feel let down” inaanza na wewe na hisia yako. Mkosaji hayupo katika sentensi, ingawa kila mtu anajua ni nani. Ndiyo njia ya kawaida ya Waingereza kulalamika kwa adabu, na adabu hiyo isikudanganye. Mgeni akikuandikia “We felt rather let down by the airport transfer”, lile “rather” halipunguzi kitu. Kwa Mwingereza hayo ni malalamiko kamili: walisubiri, dereva hakuja au alichelewa sana, na wanategemea ueleze. Mtu wa mapokezi anayelisoma kama jambo dogo na kujibu kwa “Thank you for your feedback” pekee amewaangusha mara ya pili. Taja kilichotokea, kubali, kisha sema utafanya nini: “You were relying on us to meet you at the airport and we let you down. We have refunded the transfer.”

Ukitaka kuongeza uzito, neno linalozoeleka kuambatana nayo ni “badly”: “We were badly let down.” Na mhusika akiwa taasisi yenye wajibu mkubwa kama hospitali, polisi au ustawi wa jamii, Kiingereza hupenda kupanda ngazi hadi “fail”: “The system failed her.” Kiswahili chake si “alifeli”. Ni kwamba mfumo ulishindwa kumlinda. Liweke akiba neno hilo kwa mambo yaliyogharimu maisha ya mtu au haki yake.

Hatua ya 5: Omba radhi nayo ipasavyo

Sioni mahali nahau hii inapofanya kazi vizuri zaidi kuliko katika kuomba radhi, kwa sababu inakubali kosa na papo hapo inakubali kwamba mwenzako alikuamini. “I'm sorry I was late” inazungumzia saa. “I'm sorry I let you down” inamzungumzia yeye.

Lakini tofautisha sentensi mbili zinazofanana kama mapacha. “I'm sorry I let you down” ni kuomba radhi. “I'm sorry you feel let down” siyo. Ya pili inasikitikia hisia za mwenzako na kuacha wazi kama kweli kuna kosa lolote. Wazungumzaji wa Kiingereza huisikia tofauti hiyo mara moja, na wengi hukasirishwa na ya pili kuliko kosa lenyewe. Mwanafunzi wa lugha huiokota kwa nia njema, akidhani ni ya heshima zaidi kwa vile ni ndefu. Iache.

Mfano mashuhuri wa nahau hii kutumika kukiri ni wa Richard Nixon, rais wa Marekani aliyejiuzulu Agosti 1974 kwa kashfa ya Watergate. Mwaka 1977 alikaa na mtangazaji Mwingereza David Frost kwa mahojiano marefu ya televisheni, na alipobanwa kuhusu kashfa hiyo alisema: “I let down my friends. I let down the country.” Akaendelea kuutaja mfumo wa serikali na ndoto za vijana, kisha akasema: “I let the American people down.” Utaona ametumia mipangilio yote miwili tuliyoitaja katika hatua ya 2, nomino baada ya “down” na nomino kabla yake, kinywani mwa mtu yuleyule katika mazungumzo yaleyale.

Kuna jambo jingine la kujifunza pale. Katika mahojiano hayohayo Nixon alikataa kwamba alitenda jinai ya kuzuia haki isitendeke. Nahau hii ilimwezesha kukiri kuvunja imani ya watu bila kukiri kosa la jinai. Basi ukiisikia kwa mwanasiasa au msemaji wa kampuni, sikiliza na kile kisichosemwa: amekubali kwamba mlimtegemea na hamkupata mlichotegemea. Kama amekubali pia kwamba alivunja sheria, hilo litakuwa katika maneno mengine. Na wewe unayeomba radhi kazini, ukiwa unataka kukiri yote, usiishie kwenye nahau. Taja kitendo chenyewe: “I let you down. I told you the report was finished, and it wasn't.”

Kwa ahadi ya mbele, tumia “I won't let you down.” Ni kauli ya moyo, na inapendeza ikitolewa kwa mtu aliyekupa nafasi baada ya kusitasita. Katika usaili wa kazi naona ni bora itokee mara moja, mwishoni, au isitokee kabisa. Ikirudiwa inasikika kama kubembeleza.

Hatua ya 6: Zijue ndugu zake wa karibu

“Let someone down gently” ni kumkatalia mtu kwa upole. Kijana amekuposa na humtaki, au mwombaji wa kazi amefika hatua ya mwisho na hakupata. Unatafuta maneno ya kumpa jibu la hapana bila kumuumiza zaidi ya inavyolazimu. Hapa anayeangusha anasifiwa, maana amemshusha mtu polepole badala ya kumwachia.

“Let the side down” ni ya Uingereza hasa. “Side” ni timu, kama katika kriketi na soka, na nahau hii huzungumzia mtu anayewatia aibu wenzake kwa kutofikia kiwango chao: ndugu mmoja aliyekuja na kaptula kwenye harusi ambayo wote wamevaa suti. Mmarekani kwa kawaida atasema “let the team down”.

“You've let yourself down” ni ya walimu. Katika shule za Uingereza karipio lenye ngazi tatu limezoeleka mno: umeniangusha mimi, umeiangusha shule, lakini zaidi ya yote umejiangusha mwenyewe. Ni nzito kwa mtoto, na mzazi Mswahili anayeitwa shuleni huko ajue kwamba mwalimu anayesema hivyo kwa kawaida anamaanisha alimtarajia mtoto huyo kufanya vizuri zaidi.

Ipo pia nomino, “a letdown”, ambayo Waingereza wengi huiandika kwa kistari. Inafaa kwa tukio lililovuma kuliko lilivyokuwa: “The final was a letdown.” Nguvu yake ni ndogo kuliko ya kitenzi. Unapoitamka, mkazo uweke kwenye “let”. Katika kitenzi, “You let them down”, mkazo huangukia “down”. Ukikosea mkazo wataelewa bado, lakini watachelewa kidogo.

Hatua ya 7: Tambua “let down” isiyo na lawama

Maana ya asili ya maneno haya ni kushusha kitu chini taratibu, na bado inaishi. Msomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya King James, atakutana nayo katika Matendo ya Mitume 9:25, ambapo wanafunzi walimchukua Sauli usiku kule Dameski na “let him down by the wall in a basket”. Waliokuwa wakitaka kumuua walikuwa wakivizia malangoni. Kwa hiyo walichofanya ni kumwokoa: walimtelemsha ukutani ndani ya kapu. Anayejua nahau pekee atasoma mstari huo na kudhani walimsaliti. Vivyo hivyo Luka 5:4, “let down your nets”, ni kushusha nyavu.

Katika maisha ya leo, mtu wa Uingereza akisema “Someone let down my tyres”, matairi yake yametolewa upepo. Fundi cherehani anayeambiwa “Please let down the hem” anatakiwa kuifumua pindo na kuirefusha sketi. Mama aliyejifungua akisoma kijitabu cha kliniki kinachotaja “let-down”, ni maziwa yanayoshuka mtoto anaponyonya, jambo jema kabisa linaloletwa na homoni ya oksitosini. Na “let your hair down” ni kujiachia na kufurahi baada ya kubanwa na kazi, hata kwa mtu mwenye kipara.

Kuwa macho pia na vitenzi vinavyosikika karibu. “Put someone down” ni kumdharau mtu kwa maneno. “Turn someone down” ni kumkatalia. “Let someone off” ni kumsamehe adhabu, na “let someone go” mahali pa kazi ni kumwachisha kazi. “Stand someone up” ni kupanga kukutana na mtu, hasa kwa mambo ya mapenzi, kisha usitokee. Hili la mwisho ni aina moja ya kumwangusha mtu, lakini lina jina lake.

Hatua ya 8: Andika, kisha ujifunze kujibu

Chukua tukio la kweli la wiki hii ambapo kuna aliyekutegemea ukashindwa, hata dogo, na uandike sentensi tatu za Kiingereza. Ya kwanza itaje tegemeo, ya pili itaje kosa, ya tatu itaje utakachofanya. Kwa mfano, ulikuwa na funguo za ukumbi na ukachelewa: “You were all counting on me to open the hall at eight. I let you down, and people stood in the rain. From next week a second set of keys will stay with the caretaker.” Soma kwa sauti. Ikiwa sentensi ya pili imeanza kujieleza kabla ya kukiri, ipange upya.

Upande wa pili hufundishwa mara chache: mtu akikuambia “I'm sorry I let you down”, unajibu nini? Kama kweli hakukuangusha, mwambie hivyo wazi: “You didn't let me down at all.” Kama alikuangusha na ni mara ya kwanza, “You've never let me down before” inakubali kosa na kulinda heshima yake. “It's nothing” haifai ikiwa lilikuwa jambo zito, kwa sababu inaonyesha hukumsikia. Na kama kosa lilikuwa kubwa lakini umesamehe, “Thank you for saying that” inatosha: haikanushi kilichotokea, na haimrudishii mzigo aliokuwa anautua.